Ombi la Kushushwa Daraja kwa Barua

Leoncio Artigas Pueyo,
Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Mtaa wa Wasuka Vikapu, nyumba namba 6,
Valdecierzo.
Alhamisi, 22 Mei.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mwonekano wa Viwanja,
Ligi Kuu ya Hispania,
Madrid.

YAH: KLABU YA VALDECIERZO KUSHUSHWA DARAJA BILA KUFUNGWA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamera zako zote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa upepo, ambao nitaufikia.

Nakuandikia kwa heshima kuomba jambo ambalo, kwa kadiri nilivyopekua magazeti ya zamani katika maktaba ya mji, hakuna shabiki aliyewahi kuliomba. Naomba timu yangu ishushwe daraja. Naomba ishushwe kabla ya Jumapili, kwa karatasi yenye muhuri. Sababu nitazieleza moja baada ya nyingine, maana nilifundisha miaka thelathini na saba na sikuwahi kumwacha mwanafunzi njiani.

Kwanza hali ilivyo. Mji wetu una watu elfu kumi na tisa na uwanja wa watu elfu kumi na moja. Juni mwaka jana tulipanda Ligi Kuu, mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja. Kengele ya kanisa ililia mpaka kamba ikakatika. Mimi mwenyewe nilimkumbatia mwokaji mikate, mtu ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu uchaguzi wa ushirika wa maji. Sikatai kwamba nilifurahi. Nasema tu kwamba sikuwa nimeelezwa vizuri.

Sasa mechi thelathini na saba zimekwisha. Tuna pointi thelathini na nane na tuko nafasi ya kumi na nane, yaani ya juu kabisa kati ya zile tatu zinazoshuka. Jumapili timu iliyo mbele yetu, yenye pointi arobaini, inakuja kucheza hapa hapa kwetu. Tukishinda, tunabaki. Tukitoka sare au tukifungwa, tunashuka.

Utaniuliza: mzee, kwa nini usisubiri tu hadi Jumapili? Hapo ndipo kwenye ugumu, Ndugu Mwenyekiti. Siwezi kuomba tufungwe. Nimejaribu. Jumanne nilikwenda kanisani, nikapiga magoti, nikaanza vizuri kabisa, na mdomo wenyewe ukaomba tushinde mbili bila. Nimekuwa shabiki wa timu hii tangu nina miaka kumi na mmoja, na leo nina sabini na sita. Mwili huu haugeuziki tena. Kwa hiyo njia pekee ya heshima ni nyinyi mtushushe ofisini, sisi tukiwa tumeshinda uwanjani. Kila mtu atabaki na alichokitaka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kiti.

Kwa miaka arobaini na moja nilikaa Jukwaa la Magharibi, safu ya tisa, kiti namba 14. Kiti namba 15 alikaa Saturnino Lacambra, ambaye mji mzima unamwita Satur. Satur alifanya kazi reli: yeye ndiye aliyesimama na bendera na taa kuamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Ni mtu wa maneno machache, na kwa miaka arobaini na moja mimi nimekuwa nikimweleza mpira. Namweleza mfumo, namweleza mabadiliko, namweleza kuotea, hasa kuotea, kwa sababu ndiyo sheria inayohitaji subira. Ni msikilizaji wa ajabu. Hutazama mbele, anatafuna mbegu za alizeti, na mara moja kwa msimu hunigeukia na kusema, "Leoncio, nimeelewa." Mwalimu haombi zaidi ya hapo.

Julai ilikuja fomu kutoka klabuni. Ilieleza kwamba kwa kanuni ya Kamati yako, jukwaa linalotazamwa na kamera, ambalo kwetu ni la Mashariki, lazima lionekane limejaa katika kila mechi ya Ligi Kuu. Kwa hiyo nusu ya watu wa safu zetu wangehamishiwa huko. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la jirani unayetaka kuendelea kukaa naye. Niliandika SATURNINO LACAMBRA kwa wino, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini yake.

Jibu lilikuja Agosti: "Ombi la jirani halikukubaliwa kwa kuwa halikulingana pande zote mbili." Ndugu Mwenyekiti, nimesahihisha insha maelfu. Naitambua sentensi isiyotaka kueleweka. Nani hakulingana na nani? Pande zipi? Nilimwonyesha Satur, akaisoma, akairudisha, akasema, "Ndivyo zilivyo ofisi." Hata yeye, mtu asiyelalamika, ilimwuma kiasi kwamba hakutaka kuizungumzia tena.

Basi mimi nikapelekwa Mashariki, safu ya tisa, kiti namba 20. Yeye akabaki Magharibi. Kati yetu kuna mita sitini na nane za majani, na watu ishirini na wawili wanaokimbia mbele ya macho yangu kila ninapotaka kumtazama.

Jirani yangu mpya ni daktari wa mifugo aitwaye Izarbe, binti mwenye adabu, anayevaa hedifoni ndogo masikioni. Nilidhani anasikiliza redio, kama tulivyofanya sisi zamani. Namweleza, naye anatikisa kichwa. Siku moja nilimwuliza anaonaje kuhusu kucheza na viungo wawili wakabaji. Akajibu, "Mpe maji mengi, na asilalie upande huo." Alikuwa anaongea na mfugaji kuhusu ng'ombe. Simlaumu. Ng'ombe alipona.

2. Saa.

Tangu mkewe Benita afariki, miaka kumi na mmoja sasa, Satur hula nyumbani kwetu kila Jumapili. Mke wangu Presen huingiza mwanakondoo kwenye oveni saa sita. Saa tisa tunakula, saa kumi tunakunywa kahawa na kubishana, na saa kumi na moja jioni, tukiwa daraja la pili, tulikuwa tumeshakaa vitini. Mwili wa binadamu uliumbwa kwa utaratibu huo.

Msimu huu mmetupangia Ijumaa saa tatu usiku, Jumatatu saa tatu usiku, Jumamosi saa kumi na robo, na mara saba Jumapili saa nane mchana. Saa nane! Wakati mwanakondoo ndiyo kwanza anageuzwa upande wa pili! Presen ameniagiza nikuandikie hivi, na naandika kama alivyosema: "Mwambie huyo Mwenyekiti wako kwamba oveni yangu haina dakika za nyongeza."

3. Mkate.

Hili linatokana na la pili. Kwa kuwa Satur hawezi kula kwetu siku za saa nane, Presen hutengeneza mkate mmoja mrefu wenye kimanda cha viazi, anaufunga kwa foili, nami naubeba uwanjani. Wakati wa mapumziko, kama kila mtu katika nchi hii, nafungua foili. Nakata nusu yangu. Nusu ya pili ni ya Satur.

Ungeuliza kwa nini nisimpe getini kabla ya mechi. Nilimpa getini mara mbili. Mara zote mbili aliula pale pale, peke yake, amesimama. Nikaona huo si mlo, ni kutia makaa kwenye injini.

Kwa hiyo mkate huzunguka uwanja. Naupa mtu wa kushoto, naye wa kushoto kwake, unapita nyuma ya goli la kusini, unakata kona, unafika Magharibi, unashuka hadi safu ya tisa. Nimehesabu, unapita mikononi mwa watu mia nne hivi. Katika msimu mzima umefika umepungua mara moja tu, na aliyeuma aliacha ndani ya foili karatasi ya kuomba radhi. Hao ndio watu wa Valdecierzo, nami nataka uwajue kabla ya kuwashusha.

4. Upepo. Unavuma kutoka kaskazini-magharibi na unaingia Jukwaa la Mashariki usoni. Hakuna zaidi la kueleza.

5. Kitambaa.

Hapa naomba uvute kiti.

Kwa kuwa mkate ulihitaji uangalizi, Satur alitutungia ishara za kitambaa cha mkononi, kwa utaalamu wake wa reli. Kukiinua na kukishusha: mkate umeondoka. Kukizungusha: mkate umefika. Kukiinua na kukishikilia juu: njia imefungwa, mkate umekwama. Presen alitunyoshea vitambaa viwili, vikubwa, vyeupe, ili vionekane kwa mbali.

Wewe unajua vizuri maana ya kitambaa cheupe jukwaani. Nitaeleza hata hivyo, kwa mazoea ya kazi. Mashabiki wakichoka, kabisa kabisa, hawatukani wala hawarushi vitu. Husimama na kupunga vitambaa vyeupe, na maana yake ni moja: nyinyi mnaotuongoza, ondokeni. Ni desturi ya kistaarabu. Mimi binafsi sikuwahi kuifanya hata mara moja, hata siku tulipofungwa saba.

Ilikuwa mechi ya kumi na mbili, Novemba, Jumapili saa nane mchana. Ilikuwa sare ya bila bao, na nasema kwa ajili ya kumbukumbu kwamba tulikuwa tunacheza vizuri. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza na mkate ulikuwa haujafika. Nikautafuta kwa macho, nikauona kwenye kona, katikati ya mashabiki wageni. Walikuwa wameufungua. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hawakuwa na nia mbaya: walikuwa wanabishana kama kimanda kile kina kitunguu au hakina, na unajua mwenyewe mjadala huo katika nchi hii huchukua muda gani.

Nikasimama. Nikatoa kitambaa. Nikakiinua na kukishikilia juu.

Nyuma yangu hukaa Eulalia, muuza samaki, na mumewe.

"Mama yangu!" akasema Eulalia. "Mwalimu ametoa kitambaa!"

"Mwalimu yupi?"

"Mwalimu Leoncio, wewe! Yule ambaye tulipofungwa saba alisema tujifunze!"

"Basi tumekwisha. Nipe kitambaa."

"Sina. Chukua hii taulo ya samaki."

Niligeuka haraka kuwaambia. Nikasema, jamani, ngojeni niwaeleze. Eulalia akanishika bega, machozi yakimlengalenga: "Usieleze, Mwalimu. Leo tumeelewa!"

Katika dakika moja jukwaa letu lilikuwa jeupe kama kamba ya kuanikia nguo za hospitali. Katika dakika mbili ukawa uwanja mzima. Satur, kule ng'ambo, aliona vitambaa elfu kumi vimeshikiliwa juu, akavisoma kwa ishara zetu, na aliniambia baadaye kwamba alijiuliza ni nani aliyeleta mikate elfu kumi. Mwenyekiti wa klabu yetu, don Gervasio, mfanyabiashara wa chakula cha nguruwe, alitoa kitambaa chake kufuta jasho. Kilikuwa cheupe. Mtangazaji akasema kwamba hata mwenyekiti amejiunga na maandamano ya kujipinga mwenyewe.

Don Gervasio hakuondoka. Jumatatu aliondolewa kocha.

Kocha huyo, Joseba Arrizubieta, alikuwa mtu mpole, na tulikuwa tunanunua mkate duka moja. Nililiandikia gazeti la mkoa kueleza ukweli wote, kurasa nne. Walichapa mstari mmoja: "Mwalimu mstaafu: Ni kimanda tu." Wasomaji wakasema hakuna aliyewahi kuichambua safu yetu ya ulinzi kwa ukali namna hiyo.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimkuta kocha kwa mwokaji, ameshika begi.

"Mwalimu," akaniambia, "nieleze ukweli. Ulikuwa ule mfumo wa mabeki watatu?"

Nikamwambia ulikuwa mkate. Nikamweleza safari yake yote, kuanzia kushoto kwangu hadi kwenye kona. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akauliza, "Kimanda kilikuwa na kitunguu?"

"Kilikuwa nacho."

"Basi pale hata mimi ningekwama," akasema. Akanipa mkono, akaenda. Nimesikia sasa anafundisha timu ya wanawake karibu na kwao na inakwenda vizuri. Ningependa hilo liingie kwenye kumbukumbu zenu.

6. Pua.

Kila Aprili miti ya kando ya mto humwaga manyoya yake hewani, nami hupiga chafya. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Lakini tangu Novemba, mkono wangu ukielekea mfukoni tu, safu tatu zinanyamaza. Mechi ya thelathini na moja msimamizi wa jukwaa alipanda ngazi zote, akainama sikioni pangu: "Mwalimu, nakusihi. Kocha mpya ana watoto watatu."

Ndugu Mwenyekiti, mimi niliyefundisha usafi, nimefuta pua kwa mkono wa sweta mwezi mzima ili watoto watatu wasihame shule.

7. Kamera yenyewe.

Sasa naonekana kwenye televisheni kila wiki. Shemeji yangu anayeishi Zaragoza hupiga simu dakika ile ile: "Shemeji, nimekuona umelala." Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho nikiupanga ukuta wa mpira wa adhabu. Presen amenilazimisha kununua koti jipya, kwa maneno yake, "kwa sababu sitaki Hispania nzima ilijue lile la kijivu." Lile la kijivu lilikuwa na mfuko wa ndani wa mbegu za alizeti, ambao Satur alikuwa akichota bila kuomba ruhusa. Hili jipya halina.

8. Hili nimelifuta. Lilikuwa la hasira.

Sasa tuunganishe, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Kanuni yako ya jukwaa kujaa inahusu Ligi Kuu peke yake. Tukishuka, klabu itaturudisha Magharibi. Nikirudi Magharibi, nakaa kiti namba 14. Nikikaa 14, Satur yuko 15. Satur akiwa 15, mkate unasafiri sentimita arobaini na haupiti kwa wageni. Mkate usipokwama, kitambaa kinarudi puani, na kikirudi puani hakuna kocha anayefukuzwa. Zaidi ya hayo mechi zinarudi saa kumi na moja jioni, na mwanakondoo anaiva. Kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba kutushusha daraja ni tendo la utu kwa mtu mmoja, kwa makocha wote wajao, na kwa mwanakondoo.

Usidhani sikufikiria njia nyingine. Nilifikiria kamera ihamishiwe ng'ambo, ili jukwaa la kujaa liwe la Magharibi. Nilichora mara tatu, na kwa jinsi ofisi zinavyohamisha watu, kila mara mimi na Satur tunahamishwa siku moja na kupishana katikati kama treni mbili. Nilifikiria uwanja ugeuzwe robo, goli moja liwe Mashariki na jingine Magharibi. Nilimpelekea mhandisi wa manispaa, aliyekuwa mwanafunzi wangu, akaniambia, "Mwalimu, huko kuna mto." Alikuwa dhaifu sana katika ramani, lakini safari hii alikuwa sahihi. Imebaki kushuka.

Naongeza jambo moja, halafu nakuacha. Satur ana miaka sabini na tisa na goti moja la chuma. Mimi nimekutajia miaka yangu. Kila msimu una mechi kumi na tisa za nyumbani. Jiografia haikunifundisha kupima ni misimu mingapi imebaki kwa wazee wawili, wala sitaki kupima. Najua tu kwamba huu mmoja, ule tulioungoja kwa miaka thelathini na moja tukiwa bega kwa bega, nimeutumia kumtazama rafiki yangu akiwa na ukubwa wa njiti ya kiberiti.

Nasubiri muhuri wako.

Uwasalimie wajumbe wote wa Kamati na familia zao. Msalimie mpiga picha wa kamera inayonitafuta, umwambie ule si usingizi. Msalimie kwa namna ya pekee yule aliyeandika ile sentensi ya pande mbili, umwambie ajifunze kuandika. Izarbe anawasalimu, na ng'ombe pia. Presen anakusalimu, ingawa si kwa maneno aliyotumia yeye.

Ni mimi, kwa heshima zote na upepo usoni,

Leoncio Artigas Pueyo
Jukwaa la Mashariki, safu ya 9, kiti namba 20 (kwa sasa)

Nyongeza, Jumatatu, 26 Mei.

Ndugu Mwenyekiti,

Barua hii haikuondoka Ijumaa kwa sababu niliisoma tena nikakuta koma mbili zimekosewa, nikaamua kuinakili upya. Sasa nakuomba usiishughulikie. Kwa kweli ningekuomba usiisome, lakini natambua kwamba nyongeza huja mwisho.

Jana tulishinda bao moja bila. Dakika ya themanini na nane, kwa kichwa, na mfungaji ni Belarra, beki wetu wa kushoto, mtu mfupi kuliko Presen. Tumebaki Ligi Kuu. Barua hii ilikuwa mfukoni mwa koti jipya, na niliruka nayo. Nilipotoa kitambaa kufuta macho, don Gervasio, aliyekuwa amesimama akishangilia, alikaa chini.

Filimbi ilipolia watu waliingia uwanjani. Mimi sikukusudia. Nilikuwa nasubiri ngazi zipungue watu, nikatazama ng'ambo kama kawaida yangu, nikaona njiti yangu ya kiberiti inashuka. Satur, na lile goti, alishuka safu tisa, akavuka mstari, akaja moja kwa moja katikati ya watu wote wanaokimbia, polepole, bila kupinda, kama treni ya mizigo iliyoruhusiwa kupita. Nikashuka na mimi. Izarbe alinishika mkono hadi kwenye majani, kisha akaniachia. Tulikutana kwenye duara la kati. Miaka arobaini na moja tuliyatazama majani yale, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyakanyaga. Ni laini kuliko nilivyokuwa nimemweleza.

Nikamweleza yote. Kwamba nimekuandikia, kwamba nimekipigania kiti cha kando yake kwa hoja saba, kwamba ofisi za Madrid zilizotutenganisha zitajua hazikumchagua mtu wa kuchezea. Aliniacha nimalize, kama kawaida yake. Halafu akasema:

"Leoncio. Ile fomu. Jina lako sikuliandika."

Nikamwuliza kama alisahau miwani.

"Sikusahau kitu. Miaka arobaini na moja umenieleza kuotea. Nikajiambia, mara hii tumepanda, wacha nipate msimu mmoja wa kimya. Nione mpira kwa macho yangu mwenyewe."

"Na umeuona?"

"Nimekuona wewe," akasema. "Unamweleza yule daktari wa ng'ombe, mikono inapaa. Nami nakaa nakisia: sasa yuko kwenye winga, sasa amemfikia refa, sasa anarudia. Tangu Oktoba sijaona mechi moja vizuri. Niliwaomba klabuni wanihamishe kwako. Wakaniambia orodha imefungwa mpaka Juni, mzee, ungeandika jina Julai."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ile sentensi ilikuwa wazi, fupi na ya kweli. Halikulingana pande zote mbili. Naomba radhi kwa aliyeiandika, na ningempa alama kumi kati ya kumi. Lalamiko la kwanza limeanguka, na kwa kuwa nilikuonyesha mwenyewe jinsi mengine yote yanavyoning'inia juu yake, nayo yameanguka. La nne pekee limebaki.

Naambatanisha fomu mbili za msimu ujao, nilizozichora mwenyewe kwa kuwa za klabu hazijatoka, zimejazwa jana mezani kwetu. Satur ameandika jina langu kwa herufi kubwa, Presen akiwa amesimama nyuma yake na mwiko. Tupeleke Mashariki, tupeleke mbele ya kamera, tupeleke popote, mradi iwe pamoja, na mtupangie hata saa nane mchana. Satur ametoa sharti moja, nami nimelikubali kwa maandishi: nisimweleze lolote mpaka aulize.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, pengine mwendo wa nusu saa kwa goti lile. Nilitimiza sharti. Tulipita mwokaji, tukapita kanisa, sikusema neno. Tulipofika darajani alisimama, akashika ukuta, akatazama maji kidogo.

"Haya," akasema. "Kwa nini lile la Belarra halikuwa la kuotea?"

Nilianza darajani, na chakula kilikuwa kimeshapoa nilipomaliza. Hakunikatiza.